Ombi la Urafiki Kutoka kwa Manan

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimemfungia Jovitha mchezo wake wa visiwa, na najiona kidume. Clotilda, msaidizi wangu dukani Kariakoo, ndiye aliyenielekeza. Alipakua programu ya wazazi kwenye simu yangu, akaiunganisha na tableti, kisha akaniambia, "Mama Jovi, weka namba ya siri ambayo mtoto hawezi kuikisia." Nikaweka. Tableti, saa moja kwa siku. Kuandikiana na watu, marufuku. Marafiki wapya, marufuku. Kila nilipobonyeza, simu iliniambia "imehifadhiwa", nami nikazidi kupata moto.

Nimeanza kuandika haya kwa sababu baba yake, Onesphory, yuko Guangzhou anafunga kontena la vyombo vyetu vya plastiki na hatarudi kabla ya Juni. Akirudi akauliza mtoto nimemleaje masika yote, nitampa daftari asome mwenyewe.

Jovitha ana miaka kumi na moja, yuko darasa la sita. Nilipompa habari hakulia. Aliuliza tu, "Hata Zalak?" Nikamwambia hata Zalak. Akaenda kulala bila kuniaga.

Jumatano, 6 Machi

Mvua tangu alfajiri. Mtoto ananijibu "ndiyo mama" na "hapana mama", basi.

Jumamosi, 9 Machi

Leo nimeaibika mbele ya watu. Ile tableti mchana ni ya duka, jioni ndiyo inakuwa ya Jovitha, na mimi nilipokuwa nafunga sikulifikiria hilo. Asubuhi nilikuwa kwenye simu ya video na mteja wangu wa Mbeya, namwonyesha majagi mapya moja moja, mara kioo kikawa cheupe. Maandishi makubwa yakatokea: MUDA WAKO WA LEO UMEKWISHA. MWOMBE MZAZI WAKO. Clotilda alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo. Mzazi wangu ana miaka sabini na minne, yuko Rombo, na simu yake ni kitochi.

Basi nifungue, namba ya siri nimeisahau. Nikajaribu hii, nikajaribu ile, simu ikanitishia kwamba nimebakiza mara moja tu. Ikabidi nimpigie Zamda, dada anayetusaidia nyumbani Magomeni, nimwombe aniulizie kwa Jovitha kama kuna mahali niliiandika. Jovitha akachukua simu mwenyewe. "Umeweka mwaka aliozaliwa bibi," akasema.

Nikaiweka, ikafunguka. Nikamuuliza ameijua lini. "Jumatatu," akasema, "jioni ulipokuwa unanionyesha ulichofunga, ulikuwa unaitamka huku unabonyeza."

Siku tano mtoto anajua namba na hajaigusa! Sikumwambia kitu kwenye simu, lakini mchana kutwa nilikuwa nawahadithia wateja. Wa tatu aliniambia ameshasikia kwa mwenzake.

Jumapili, 10 Machi

Baada ya misa nimemwambia Jovitha anionyeshe huo mchezo wenyewe. Nilikuwa sijawahi kuutazama zaidi ya kuufokea.

Kila mtoto ana kisiwa chake, anajenga nyumba na madaraja, anapanda mazao, na wenzake wanakuja kumtembelea. Kisiwa cha Jovitha kina soko, lenye paa na milango minne, na njia za kupitisha mizigo zimetenganishwa na njia za watu wa kununua. Nilimuuliza nani kamwambia atenganishe njia. Akanitazama kama vile nimeuliza swali la kijinga. "Si ndivyo unavyolalamika kila siku kwamba Mtaa wa Narung'ombe hawajafanya?"

Nikasikia kichwa kinavimba, sitasema uongo.

Kisha akaniambia kuhusu Zalak. Mama yake Zalak, Rupal, alikuwa na duka la mapazia jirani na letu kwa miaka tisa. Watoto hawa wawili wametambaa kwenye mkeka mmoja, katikati ya mabeseni yangu na mapazia ya Rupal, na kila Diwali Jovitha alikula peremende mpaka akaumwa tumbo. Januari familia yao ilihamia Arusha kwa babu Harilal. "Kwenye kisiwa ndipo tunapoonana," Jovitha akasema. "Wewe umefunga kuandikiana. Anakuja, anasimama, ananiona sisemi. Anadhani nimenuna."

Hapo nilijisikia vibaya kweli. Nikafungua kuandikiana, ila kwa marafiki niliowapitisha mimi tu. Nikapitisha wanne: Zalak, Elibariki ambaye ni mtoto wa kaka yangu wa Moshi, Sabaha na Sitara wanaosoma naye. Mtu mwingine yeyote lazima atume ombi, na ombi linakuja kwenye simu yangu. Jovitha alinikumbatia. Nimelipa kosa langu, na geti linalindwa na mimi mwenyewe.

Jumanne, 19 Machi

Maji yamefika kizingiti cha duka. Tumepandisha mabeseni juu. Hakuna mteja.

Jumamosi, 23 Machi

Leo limekuja ombi la kwanza. Jina Manan, picha ya simba mdogo, umri miaka kumi na miwili. Ameandika: "Zalak ananifahamu. Naomba kucheza na Jovitha."

Sisi Kariakoo mtu mpya hatumpokei hivi hivi. Akija duka langu mtu nisiyemjua anataka mzigo mkubwa, namuuliza kaelekezwa na nani. Akitaja jina la mteja wangu wa zamani, anapewa kiti na soda. Baba yangu alinifundisha hivyo. Yeye aliingia Kariakoo miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na bidhaa zikamiminika kutoka kila pembe, nzuri na za ovyo, na watu wema na matapeli wakaingia pamoja. Baba alikuwa na meza moja ya mitumba. Alisema kilichomwokoa ni kuuliza kila mtu, "Nani kakuleta kwangu?"

Huyu kaletwa na Zalak, na jina lenyewe la kwao. Nikajua ni ndugu yao, pengine binamu. Nilitaka kumpigia Rupal kuhakikisha, lakini gari la mzigo la Tunduma lilikuwa linasubiri kupakiwa na mawingu yameshafunga. Nikabonyeza kukubali. Jioni nikamwambia Jovitha, "Kuna Manan nimekuongezea. Nimemwangalia, ni mtu wa kwao Zalak."

Jumapili, 24 Machi

Baba Jovitha kapiga simu kutoka Guangzhou. Aliuliza habari za mchezo, nikamweleza kila kitu nilichokifunga na nilichokifungua, na namna ninavyowachuja watu. Akasema, "Mama Jovitha, wewe ungefaa uhamiaji." Nimecheka peke yangu mpaka sasa.

Jumatatu, 1 Aprili

Pasaka imekwisha. Pilau imebaki. Mvua haijabaki nyuma, bado ipo.

Jumapili, 7 Aprili

Jovitha amekuwa mkimya. Chakula anakichokonoa, Zamda akimtania hacheki. Nilimuuliza kuna nini, akasema hakuna kitu. Mimi najua ni nini. Ni huo mchezo, unamchosha akili. Nimepunguza muda wake mpaka nusu saa. Nilitegemea atabisha, lakini alisema "sawa mama" na akaendelea kufunga kamba za viatu.

Ijumaa, 12 Aprili

Wakati tunachambua mchele, Jovitha aliniuliza, "Mama, mteja ukimtilia shaka, unamwambia pale pale?"

Nikafurahi, nikajua mtoto anaanza kupenda biashara. Nikamwambia, "Thubutu! Ukimshtua anakimbia. Unaendelea kumchangamkia, unamuuliza vitu vidogo vidogo ambavyo mwongo hawezi kujiandaa navyo. Atajitaja mwenyewe."

"Vitu kama nini?"

"Vya kawaida kabisa. Vile ambavyo mtu anajibu bila kufikiri."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Nilimwona kama mrithi wa duka.

Jumapili, 21 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Shule imefungwa wiki nzima kwa sababu ya mafuriko, na tableti namwachia Jovitha nyumbani hata mchana.

Alhamisi, 25 Aprili

Lazima niandike leo kabla sijasahau jinsi ilivyokuwa.

Saa nane mchana nilikuwa dukani. Clotilda amekuja kuniambia kwamba maji yamejaa bonde la Jangwani na barabara ya kwenda Magomeni imefungwa, magari hayapiti wala mabasi ya mwendokasi. Hapo hapo simu yangu ikaita, namba ni ya Zamda. Nikapokea, ni Jovitha.

"Mama, uko na watu?"

"Niko na Clotilda. Kuna nini?"

"Naomba usogee pembeni."

Nikasogea nyuma ya mapipa.

"Kuna mtu mkubwa kwenye kisiwa changu," akasema. "Ni Manan. Sijaenda popote, sijampa kitu, niko na Zamda ndani na mlango tumefunga. Lakini njoo."

Nilitoka bila kuaga, hata mkoba niliuacha. Jangwani hapapitiki, kwa hiyo nilichukua bajaji tukazunguka Upanga, tukavuka daraja la Salenda, tukaingia Kinondoni, kila mahali foleni na maji. Dereva alinisemesha kuhusu hali ya hewa. Nilikuwa nasema moyoni, "Nimemwangalia, ni mtu wa kwao Zalak." Maneno yangu mwenyewe yalikuwa yananichoma. Nilichukua karibu saa mbili kwenda mahali ambapo siku za kawaida nafika kwa dakika kumi na tano.

Nimewakuta wameketi sebuleni, Zamda ameshika mchi wa kutwangia, Jovitha ameshika tableti na simu ya Zamda. Alinionyesha kila kitu kwa mpangilio. Alikuwa amepiga picha maandishi yote kwa simu ya Zamda, tangu siku ya kwanza.

Mwanzoni yule Manan alikuwa mtu mzuri tu. Alimpa mbao za kujengea, akamsifia soko lake. Baadaye akaanza kuuliza. Duka la mama liko mtaa gani? Unarudi shuleni na nani? Naomba picha yako ukiwa na sare. Jovitha hakutuma, alisema tableti haina kamera nzuri. Wiki hii akaandika kwamba ana zawadi yake, aifuate Gerezani, kata ya jirani na duka letu, karibu na magereji, na mwisho wake: "Usimwambie mama, ni siri yetu."

Hapo niliigeuza simu ya Zamda kifudifudi kwenye kochi.

"Kwa nini hukuniambia mapema?" Nilipaza sauti, na Zamda akanishika bega.

"Nilidhani wewe unamjua," Jovitha akasema. "Ulisema umemwangalia. Nilimuuliza Zalak naye akasema anamjua. Nikaona labda mimi ndiye mbaya."

Akaendelea mwenyewe.

"Halafu nikaona anaandika kama mtu mkubwa. Anaweka nukta. Leo nikasema nimjaribu. Nikawaandikia wote watano neno moja, ‘Shikamoo’, ila kila mtu peke yake."

Akanionyesha. Sabaha alikuwa amejibu, "We vp umechanganyikiwa." Sitara kaweka vicheko vinane. Elibariki kauliza, "Kwani mm babu yako." Zalak kaandika, "Shikamoo na ww bibi," halafu na yeye vicheko. Na chini yake huyo Manan wa miaka kumi na miwili, hana kicheko wala mshangao: "Marahaba mwanangu, hujambo?"

Nililisoma mara tatu. Nikamtazama mtoto wangu. Mtu mzima katika nchi hii akiamkiwa, atake asitake mdomo unajibu, na huyu vidole vyake vilijibu kabla hajakumbuka anajifanya nani. Miaka ishirini ya kuchuja watu Kariakoo, na mimi nilimpitisha kwa jina tu. Mtoto amemnasa kwa salamu.

"Baada ya hapo?" nikauliza.

"Nikamjibu sijambo. Nikasema naenda kula. Nilitaka kumblock lakini ulisema ukimshtua anakimbia, kwa hiyo nikakupigia wewe kwanza."

Nikamuuliza swali moja la mwisho, kwa sababu nilitaka kulijua kuliko yote. Nilimuuliza kama hakuogopa kwamba nikijua nitaufunga mchezo wote, kisiwa na soko na Zalak.

"Nilijua utafunga," akasema. "Ndiyo maana jana nilimwambia Zalak kwaheri."

Nimelia. Nimemshika nimelia mbele ya Zamda na yeye na mchi wake. Mtoto alishaaga kabisa, halafu ndipo akanipigia.

Ijumaa, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, na Jangwani bado pamefungwa. Nimempigia Rupal Arusha. Tulianza na habari za nyumbani, za babu Harilal, za mvua, ndipo nikamuuliza kuhusu Manan.

"Manan wa wapi, Mama Jovitha? Sisi hatuna Manan."

Akamwita Zalak karibu. Kumbe Zalak alikutana naye humo humo kwenye mchezo, uwanja wa wazi ambao yeyote anaingia, na huko alijitambulisha kama rafiki yake Jovitha. Kwa huyu katumia jina la yule, kwa yule jina la huyu. Ametuzunguka wote wawili kwa utaratibu wetu wenyewe wa kuelekezana.

"Ungenipigia tu," Rupal akasema, na hakuwa mkali, ndicho kilichoniuma zaidi. Nikamwambia ni kweli, nilitakiwa kupiga na sikupiga. Kisha akasema, "Sasa huyo binti yako, mimi nikimwona nitambusu mikono."

Jumamosi, 27 Aprili

Asubuhi nilifungua programu ya wazazi. Kuna kitufe chekundu cha kufuta akaunti ya mtoto moja kwa moja. Niliweka kidole juu yake. Ningekibonyeza ningelala usingizi, na mwanangu angejifunza kwamba ukimwambia mama ukweli unapoteza kila kitu. Mara nyingine asingesema.

Nikamwita. Tukaketi wote wawili na ile simu katikati. Nikamwambia, "Tupange upya. Wewe umeona vitu ambavyo mimi sikuviona, kwa hiyo anza wewe."

Akaanza kama mwenyekiti wa kikao. Mtu mpya asiingie mpaka mama azungumze na mzazi wake kwa sauti, siyo kwa maandishi. Ombi likija tulisome wote wawili, na mmoja akisita basi haingii, hata kama aliyesita ni yeye. Muda urudi saa moja. Uwanja wa wazi ufungwe, na Zalak naye amwombe mama yake afunge. Nilikubali yote. Manan tukakubaliana tusimzuie wala tusimjibu mpaka tufike polisi. Mimi nikaongeza moja: yeyote atakayemwambia "usimwambie mama", hilo peke yake linatosha, haihitaji kuchunguza tena.

Namba ya siri nimeibadilisha. Nilimwambia ageuke ukutani. Akageuka, akasema, "Safari hii usiitamke."

Jumatatu, 29 Aprili

Maji yamepungua Jangwani. Nimemwacha Clotilda dukani na funguo zote, nikaenda na Jovitha polisi, dawati la jinsia na watoto. Sikutaka kwenda, niseme ukweli. Usiku kucha nilikuwa nafikiria nitakavyokaa mbele ya askari na kueleza kwamba niliyefungua geti ni mimi, mwenye maneno mengi Narung'ombe nzima. Lakini nikafikiria pia kwamba huyo mtu ana simba wake mdogo na bado anatuma maombi kwa watoto wa watu wengine.

Alitupokea askari wa kike, Afande Josepha, mtu mzima wa makamo mwenye miwani. Jovitha alimwamkia, akaitikia, kisha akamwekea kiti karibu na chake. Alitazama zile picha moja baada ya nyingine bila haraka. Alipofika kwenye ile "Marahaba mwanangu" akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Kila mtu ulimtumia peke yake?" akamuuliza.

"Ndiyo, afande. Ningewatumia pamoja angeona wenzake wanacheka."

Afande Josepha akanitazama mimi, akarudi kumtazama yeye. Akasema picha zitapelekwa kwa wenzao wanaoshughulikia makosa ya mtandao, na kwamba kwa kuwa mtu huyo hajazuiwa na hajui kama amegundulika, wana pa kuanzia. Kisha akavuta fomu na kalamu.

"Nani alimruhusu aingie kwenye mawasiliano ya mtoto?"

"Mimi," nikasema. "Candida Massawe, mama yake. Nilimkubali bila kuhakikisha."

Akaandika. Nilidhani ardhi itapasuka, haikupasuka.

"Na nani aligundua?"

Mdomo wangu ulikuwa tayari hata hajamaliza kuuliza. Nikamtajia majina yote matatu, polepole, moja moja, nikingoja kalamu imalize: Jovitha. Onesphory. Massawe. Nikamwambia Jovitha lina h mwishoni, watu hulisahau. Halafu nikamwomba anisomee alichoandika, nisikie kama kimekaa sawa.

Akasoma kwa sauti. Mwanangu alikuwa ameinamia viatu vyake vyenye matope. Nikamwambia ainue uso, jina lake linasomwa.